Programu huria ikinunuliwa, takwimu za Salamabila zitalindwa na nani?

Wakaaji wa Salamabila, huko Kabambare, wanajua vizuri: dhahabu ya Namoya iko chini ya miguu yao, lakini maamuzi juu ya mgodi huchukuliwa mbali. Takwimu za afya yao zisifuate njia hiyo.

Nchini Kongo, takwimu za malaria na uzazi huingizwa katika DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo. Huhifadhiwa ndani ya PostgreSQL, hifadhidata isiyomilikiwa na kampuni yoyote. Hifadhidata nyingine, MySQL, ilikuwa na mwenyewe: Sun iliinunua mwaka 2008, kisha Oracle ikainunua Sun mwaka 2010. Wengi waliogopa kwamba itafungwa. Lakini leseni huria inamruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuuendeleza. Mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius, alifanya hivyo, na MariaDB ikazaliwa.

Hata hivyo, leseni hulinda programu tu. Haiwezi kulinda nchi isiyo na mafundi. Serikali iwafundishe vijana wa Kindu na Kasongo kuendesha hifadhidata hizi na kutunza nakala zake. Wasipokuwepo, siku mwenye programu akibadilika, Maniema itangoja tena uamuzi wa mbali.