Namba ya Nyumba na Hati ya Shamba Zisomane



Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita zisizozidi 35, kona juu ya kona, na katika mwendo huo mfupi gari linakanyaga ardhi ya halmashauri tatu. Mombo ni Korogwe. Soni, pale penye maporomoko, ni Bumbuli. Ukiiacha Soni ukaendelea kupanda ndipo unaingia Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto. Anayeteremsha kabichi na karoti kwenda sokoni hana haja ya kuyajua hayo. Lakini mwenye shamba la urithi Vuga na nyumba Lushoto mjini, naye ni mtu wa kawaida kabisa huku milimani, kumbukumbu zake ziko chini ya halmashauri mbili. Siku akifariki, wanawe ndio watakaoanza kuzunguka na bahasha ya kaki mkononi.

Nawaomba wenzangu wa Usambara jambo moja. Tuzitake halmashauri zetu ziweke taarifa za viwanja, mashamba na anwani kwenye ramani moja inayosomeka pande zote. Sehemu ngumu ya kazi hiyo imeshafanyika, tena kwa jasho letu wenyewe.

Tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni Anwani za Makazi jijini Dodoma, ili anwani ziwe tayari kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti mwaka huo. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu. Nyumba zikapewa namba, njia zikapewa majina, postikodi ikafuata kata, na taarifa zikaingia kwenye mfumo wa taifa wa anwani. Wengi wetu tuliwapokea, tukawataja wazee waliotuachia majina ya vitongoji, tukawaonyesha njia za mkato.

Upande wa pili kuna hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Aliyewahi kushuhudia uhakiki anajua ulivyo kazi. Wahakiki wanafika shambani, mwenye shamba amesimama huku, jirani kule, na mpaka wenyewe ni mstari wa masale, au majani ya guatemala yaliyopandwa kwenye kingo za matuta. Mzee mmoja atasema sale lile lilisogezwa. Ubishi utachukua nusu saa, pengine asubuhi nzima, kwa ajili ya ukanda ambao mbuzi wawili hawalali wakatosha. Wakikubaliana, kifaa kinachukua pointi kona kwa kona, majirani wanatia sahihi au dole gumba, fomu inarudi ofisi ya kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wanasaini, afisa ardhi wa wilaya anafanya sehemu yake, na nakala inabaki masijala ya ardhi ya kijiji, ambayo mara nyingi ni kabati moja na ufunguo wake uko mfukoni mwa mtendaji.

Chukua sasa hati hiyo uisome: ina namba yake. Tazama kibao ukutani: kuna namba nyingine. Mita ya umeme ina ya tatu. Zote zinamhusu mtu yuleyule kwenye mlima uleule, na hakuna mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuziona zimekutana.

Hasara yake tunaijua mfukoni. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Mita haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Inamkata anayenunua umeme. Mpangaji analipa kwanza, kisha anaanza kubembelezana na mwenye nyumba amrudishie. Kama kumbukumbu ya mita ingekuwa imefungwa kwenye kumbukumbu ya kiwanja, bili ingemfikia mwenye mali moja kwa moja.

Wapo watakaosema huo ni ugomvi wa mjini. Haya, tuzungumzie afya. Mjamzito akizidiwa usiku, namba ya bure ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni 115. Anayepokea simu anauliza mgonjwa yuko wapi, na jibu letu tunalijua: juu ya shule, ukipita msikiti, ulizia kwa fulani. Dereva asiye mwenyeji atapotea, hasa sisi tulivyo na majina yanayojirudia. Tuna Dule mbili ambazo ilibidi zitofautishwe kwa herufi, Dule M na Dule B. Namba ya nyumba ipo, lakini kama anayepokea simu haioni kwenye ramani aliyo nayo, kibao kile ni pambo.

Wazee wanaikumbuka tauni. Ilituingia mwaka 1980, ikaja na kuondoka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaugua zaidi ya watu 7,000 na mamia wakafa. Jambo lililowatatiza wataalamu ni kwamba vijiji vingine viliugua mwaka baada ya mwaka huku jirani zao wakisalimika. Kulichunguza fumbo hilo kulitaka kwanza ijulikane kila kijiji kiko wapi hasa, mwinuko gani, karibu na msitu upi. Watafiti walikuja kuipanga kwenye ramani historia ya ugonjwa ambao ulikuwa umeshaua. Kwa nini tusubiri janga jingine ndipo tuanze kuulizana kaya ziko wapi? Na kila masika udongo unaporomoka. Ramani inayoonyesha nyumba, mashamba na barabara kwa pamoja ingeiambia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kamati za maafa ni kaya zipi ziko chini ya mteremko upi, kabla mvua haijanyesha.

Najua kwa nini watu wetu hukunja uso wakimwona mpimaji. Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal, walipima ardhi na walowezi wakapata mashamba. Waingereza wakaja na mpango wao wa Usambara miaka ya 1940, wakalazimisha matuta kwa amri na faini, na wananchi wakapinga mpaka mpango ukafa kabla ya uhuru. Woga huo una haki yake, na siombi mtu aumeze. Naomba uandikwe kwenye masharti. Mipaka, njia, namba za nyumba na vyanzo vya maji vionekane na ofisi zote. Majina ya wenye mali, simu zao na madeni yao vifungwe, na kila anayevifungua aache alama kwamba alivifungua. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuitumie badala ya kuisifu. Tena kipande ambacho mpaka wake unajulikana kijijini, wilayani na kwa jirani ni kigumu kuuzwa mara mbili kuliko kile ambacho siri yake anayo mtu mmoja mwenye ufunguo wa kabati. Wajane wanalielewa hili haraka kuliko mtu yeyote.

Kwamba wananchi wanaweza, hilo halihitaji mjadala. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa maeneo kama Tandale walichora mitaa yao wenyewe katika mradi wa Ramani Huria, mifereji na njia za maji zikiwemo, na ramani ikaachwa wazi itumiwe na yeyote. Sisi tuna vijana waliomaliza shule za sekondari hapa hapa, wenye simu na muda.

Basi kila mtu ashike upande wake. Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Usiitishwe mmoja ukaisha bila hoja hii kuwekwa kwenye ajenda. Tuombe namba ya anwani iandikwe kwenye kumbukumbu ya kila hati ya kimila yenye nyumba ndani yake, na daftari la masijala lipigwe picha na nakala ihifadhiwe wilayani, maana kabati moja likiungua kijiji kizima kinarudi kwenye ushahidi wa masale. Madiwani wa Lushoto, Bumbuli na Korogwe tuwabane waketi pamoja, wapitishe azimio linalofanana katika mabaraza yote matatu: aina moja ya namba, mpangilio mmoja wa ramani, ratiba ya kubadilishana mabadiliko kila robo mwaka. Bumbuli na Lushoto zilikuwa halmashauri moja hadi juzi tu. Sensa ya 2012 ilituhesabu pamoja, watu 492,441. Kwao hili si jambo la kuanza kufahamiana. Wasiambiwe pia kwamba teknolojia haipo. Serikali inahimiza kila siku mifumo isomane, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina njia ya kuiunganisha. Kinachosubiriwa ni halmashauri kuomba.

Nyumbani nako kuna kazi. Kibao kilichoanguka kirudishwe. Jina la njia lililokosewa lipelekwe kwa mtendaji kwa maandishi. Shamba likigawanywa kwa watoto, mgawanyo uripotiwe mwaka huohuo, kabla ya msiba kulazimisha.

Mkutano ujao wa kijiji, chukua hati yako, soma namba iliyo kwenye kibao cha nyumba yako, simama, na umuulize mtendaji mbele ya watu kama namba hizo mbili zinafahamiana. Akisema bado, muombe tarehe, na iandikwe kwenye muhtasari.