Dawa Tano za Huzuni



Katika parokia zetu hapa Kindu, uchovu wa moyo umekuwa habari ya kila siku. Kijana amefaulu mtihani wa Serikali, lakini kazi haionekani. Mwingine husukuma baiskeli yenye mizigo tangu alfajiri, na jioni hurudi na fedha zisizotosha chakula cha wadogo zake. Mwingine amefiwa, wala hana wa kumweleza. Kwa hao wote jibu huwa mara nyingi moja: ongeza imani, ongeza sala. Sisi twaona kwamba jibu hilo lina ukweli, ila halijakamilika. Na pale linapomfanya mwenye huzuni ajione kuwa mkosefu, humwongezea mzigo badala ya kumtua.

Mapokeo ya Kanisa yana upole zaidi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, Mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alijiuliza katika Summa Theologiae ni nini kiwezacho kutuliza huzuni. Alitaja dawa tano: jambo jema lenye kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Mwanateolojia mkuu hakuona haya kuandika habari za kulala na kuoga karibu na habari za kumtafakari Mungu. Mwili na roho ni mtu mmoja. Mwili ukirudishiwa hali yake njema, moyo nao hupata nafuu.

Tuanze na usingizi. Nabii Eliya alipochoka jangwani hata akaomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu za kwenda hadi Horebu, mlima wa Mungu. Basi kijana akeshaye usiku baada ya usiku, iwe kwa simu au hata kwa sala, aunyima mwili haki yake. Twaiheshimu mikesha ya Kanisa. Lakini mkesha una siku zake, na usingizi ni wa kila siku.

Kuoga nako kusidharauliwe: ndoo moja ya maji baada ya vumbi na jasho la mchana ni rehema. Hata hivyo Mtakatifu Agustino, mwana wa Afrika, alisimulia kwamba mama yake Monika alipofariki alikwenda kuoga ili huzuni imtoke, nayo haikumtoka. Alipolala na kuamka ndipo alipoiona imepungua. Dawa moja isipofaa, tujaribu nyingine.

Machozi je? Wavulana wengi hufundishwa kwamba mwanaume halii. Yesu alilia kwa ajili ya rafiki yake Lazaro. Thoma asema kwamba uchungu uliofungiwa ndani huumiza zaidi. Tena aifananisha huzuni na mzigo: rafiki akihuzunika pamoja nasi, twaona kana kwamba ameshika upande mmoja. Aliyewahi kusukumiwa baiskeli kutoka nyuma kwenye mwinuko alielewa jambo hili kabla ya kulisoma. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Furaha njema nayo haihitaji fedha nyingi. Tuna kwaya, tuna mpira, tuna ukingo wa Lualaba jioni, mitumbwi ikivuka kati ya Kasuku na Alunguli. Pombe kali haimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa huiahirisha huzuni hadi asubuhi, kisha huirudisha na riba. Na kuhusu kutafakari ukweli, mstari mmoja wa Injili usomwao polepole kabla ya kulala watosha kuanzia.

Hatusemi kwamba mambo haya huleta kazi, au kwamba mwenye kulala vema asidai haki yake. Twasema tu kwamba aliyepumzika na kusikilizwa ana nguvu zaidi za kuidai. Wala hatusemi kwamba yanatosha kwa kila mtu. Huzuni ikidumu majuma mengi, ikiondoa hamu ya kula, au ikileta mawazo ya kujiua, mgonjwa asiachwe peke yake: apelekwe kituo cha afya mara moja, kama tufanyavyo kwa malaria.

Kwa hiyo twapendekeza jambo moja dogo. Katika kila mkutano wa kikundi, kabla ya taarifa na michango, itengwe robo saa ambapo kila atakaye aseme analalaje na ni nini kinachomlemea. Yasemwayo humo yasitoke nje, wala pasiwe na wa kuhubiri. Na yule ambaye hakufika mara mbili mfululizo, wawili wamtembelee nyumbani kwake, waketi naye, wamsikilize.