Kusadikika Haikuwa na Maghorofa

Katika mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali nchi ya udhamini chini ya Waingereza, karani mmoja wa serikali mjini Tanga, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui, alitoa kitabu chembamba chenye habari za nchi iliyo angani, ambayo mipaka yake si mito wala milima bali ni pepo zivumazo. Na tangu siku hizo hadi leo ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua jina la nchi hiyo, ijapokuwa ni nadra zaidi kumpata awezaye kueleza kama nyumba zake zilikuwa za mawe au za makuti. Shaaban Robert, ambaye kalamu yake haikupata kushindwa na sifa ya kitu chochote, hakujishughulisha na makuba na minara ya Kusadikika. Aliipa nchi hiyo mfalme, mawaziri, sheria, gereza na baraza la hukumu, kisha akamsimamisha barazani mtu mmoja, Karama, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria, na akampa siku sita za kujitetea.

Nayakumbusha haya kwa kuwa Tanga ya leo imeingia katika majira ya kuchorwa. Tangu Agosti 2017, lilipowekwa Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda, masafa ya kilomita 1,443, na tangu kina cha bandari kilipoongezwa ili meli kubwa zifike gatini badala ya kungoja nangani na kupakuliwa kwa matishari, matumaini yamepanda, bei za viwanja zimepanda pamoja nayo, na kila anayeizungumza kesho ya mji huu huizungumza kwa picha. Picha hizo sote tumeziona, kwa kuwa za Tanga hazitofautiani na za mji mwingine wowote: majumba ya vioo yaliyopangana kandokando ya bahari, njia pana zisizo na vumbi, miti mifupi iliyokatwa vichwa sawasawa, na watu wachache waliovaa suti wakitembea adhuhuri bila ya kofia wala mwavuli. Mwenyeji akizitazama kwa makini hutambua upesi kwamba katika mji huo masika hainyeshi wala jua la saa saba halichomi. Hapana baiskeli hata moja, ilhali Tanga bila ya baiskeli haijapata kuwako. Hapana muuza kahawa, hapana kaburi, hapana msikiti wala kanisa, hapana ofisi ya mtaa, na hapana mahali ambapo mtu mwenye dai anaweza kusimama akasikilizwa.

Mbele yetu, basi, zimewekwa nchi moja na mji mmoja, vyote viwili vya kubuni. Nchi aliyoibuni mwenzetu wa Machui ina taasisi lakini haina kuta, na mji wanaotubunia wachoraji una kuta lakini hauna taasisi wala hali ya hewa. Rai yangu katika makala haya ni kwamba ule wa pili ndio wa ndoto tupu, japo una vipimo na rangi, na kwamba watu wa Tanga wana haki ya kuudai uwe na yale ambayo Kusadikika ilikuwa nayo kabla hawajaupa ardhi yao.

Kubuni miji si mchezo wa watoto, wala hakukuanza kwetu. Al-Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, alipoandika juu ya mji bora aliulinganisha na mwili wa binadamu mwenye siha, ambao kila kiungo hukitumikia chenziwe chini ya uongozi wa moyo. Kwake yeye, ukimpata kiongozi mwenye hekima umeupata mji. Thomas More wa Uingereza, mwaka 1516, alishika njia nyingine: kisiwa chake cha Utopia kina miji 54 inayofanana, kila nyumba ina bustani kwa nyuma, milango haina kufuli, na wenyeji hubadilishana nyumba kwa kura kila baada ya miaka 10 ili mtu asije akaipenda mali kupita kiasi. Wa kwanza alianza na mtawala, wa pili akaanza na nyumba. Mtu wa Tanga alianza na mshitakiwa, na katika hilo, kwa maoni yangu, aliwapita wote wawili, kwa sababu mtawala mwema hufa na nyumba njema huporomoka, lakini mji ambao mtu mnyonge aweza kusema ndani yake mbele ya mkubwa anayemchukia, akasikilizwa mpaka mwisho, una dawa ya maradhi yake mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba Kusadikika ilikuwa nchi njema. Wajumbe sita walitumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakatazame wenzao wanavyoishi. Wakarejea na mambo ya manufaa, na ujira wa taabu yao ukawa kutiwa gerezani. Nchi iliyowafunga wenye habari njema ilistahili kuangamia, na kilichoiokoa ni jambo moja tu: palikuwa na mahali pa kusemea, na mfalme alikaa akasikiliza hadi siku ya mwisho, kisha Karama akaachiliwa pamoja na waliofungwa kabla yake. Ondoa baraza lile katika kisa, hata ukiijaza nchi ile marumaru na chemchemi za maji, hakitabaki ila gereza lenye mapambo.

Hapa atatokea mtu wa kuniuliza: baraza na majengo vina uhusiano gani? Nami namjibu kwamba katika pwani hii ya kaskazini, kuanzia Pangani hadi Moa, vitu hivyo viwili vimeungana muda mrefu, na kilichoviunga ni hali ya hewa. Mji wetu uko juu ya ukingo wa matumbawe, kusini mwa ghuba. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi na joto likapanda. Kisha hugeuka kusi, na masika ikashuka Aprili na Mei kwa nguvu ya kuvunja miavuli. Vuli hufuata Oktoba. Na kwa mwaka mzima mvua hupita milimita 1,000, huku mvuke wa bahari ukimgandisha mtu shati mgongoni hata siku zisizo na jua kali. Mahali pa namna hii hapajengeki kwa kuiga. Aliyejenga bila ya kuuliza upepo unatoka wapi amejenga tanuu.

Itazame nyumba ya Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa namba na mgeni hapotei maadamu anajua kuhesabu. Mbele kipo kibaraza, kipana kiasi cha mtu mzima kukaa akanyosha mgongo, ambacho sakafu yake imesuguliwa na wakaaji wa miaka mingi hata ikang'aa. Juu yake paa limetokeza ili mvua isiufikie ukuta na jua lisiufikie uso wa aliyekaa. Kisha mlango wa mbawa mbili, kisha ukumbi unaonyoka moja kwa moja hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Alasiri milango yote miwili ikifunguliwa, upepo wa bahari huingia mbele ukatokea nyuma, na moshi wa jikoni ukaenda nao. Hapana mashine katika nyumba hiyo, lakini imo elimu. Kadhalika katika majumba ya zamani ya mawe, kuta zilijengwa nene kwa matumbawe na chokaa ili joto la mchana lichelewe kupenya, na dari zikabebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Wajerumani, ambao hawakuja kwa hisani, walilijifunza somo hilo hilo upesi: hospitali waliyoijenga juu ya mwamba kule Bombo, ambayo wenyeji huiita Cliff Block, waliizungushia roshani zenye matao zinazoielekea bahari, ili wagonjwa wapate hewa. Jengo hilo limechakaa, lakini mtu akisimama chini ya matao yake saa nane za mchana hahitaji mhandisi wa kumweleza maana yake.

Na juu ya kibaraza kile cha Ngamiani ndipo inapokaa serikali ya kwanza ya mji. Baada ya swala ya magharibi muuza kahawa hupita na dele lake, vikombe vikigonganishwa, na waliokaa huanza na bei ya muhogo wakaishia na bajeti ya taifa. Ugomvi wa mpaka wa ua, au wa kijana aliyepiga muziki usiku wa manane, husuluhishwa pale pale kabla ya kumfikia mwenyekiti wa mtaa. Haulizwi mtu amenunua nini ndipo akae. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini waliokijenga kibaraza waliongeza jambo, kwamba nyumba njema humpa kivuli hata asiyeingia. Mji uliojengwa kwa vioo vilivyofungwa, vyenye mlinzi mlangoni na geti upande wa njia, huiondoa serikali hiyo ya kwanza bila ya kupitisha azimio lolote. Wala hapana atakayeandika katika kumbukumbu za baraza la madiwani kwamba siku fulani watu wa Tanga walinyang'anywa mahali pa kuzungumzia.

Tongoni, mwendo mfupi kusini ya mji, magofu yanatoa ushahidi ulio wazi. Katika kilichobakia cha mji ule wa kale hatuoni kasri la sultani. Tunaona kuta za msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, yaani mahali ambapo watu walikutana wakiwa hai na mahali walipokumbukwa walipokufa. Tanga yenyewe haikupata jina kwa urefu wa majumba yake. Skuli ya kwanza ya serikali katika nchi hii ilifunguliwa hapa mwaka 1892. Maktaba iliyopewa jina la Mfalme George wa Sita ilifunguliwa mwaka 1958. Na Bustani ya Jamhuri juu ya bandari ingali inampa maskini tamasha lile lile la bahari ambalo tajiri hulilipia Raskazone.

Sitaki kusingiziwa kwamba nataka turudi kwenye chokaa na boriti. Mikoko yahitaji kuhifadhiwa, matumbawe vilevile, makuti huungua, na kijana anayetafuta kazi hana sababu ya kuililia nyumba ya babu yake. Saruji na chuma havina kosa. Kosa ni kuichukua nyumba iliyochorwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, ambako jua ni rafiki wa kualikwa ndani, tukaiweka hapa ambako jua ni mgeni wa kuzuiwa nje. Kisha tukamtoza mpangaji fedha za umeme kila saa ili apate ubaridi ambao upepo ulikwisha kumletea bure hadi dirishani, dirisha lenyewe likiwa halifunguki. Umeme ukikatika, na kukatika kwake si habari ngeni kwetu, ofisi hiyo haikaliki, na watu hutoka nje kutafuta kivuli cha mkungu. Basi mchoraji na auanze mchoro wake hapo kwenye mkungu. Ajenge kwa saruji apendavyo, lakini atoe paa nje, akabilishe madirisha na upepo, aweke roshani pale zinapopita njia za watu, na aonyeshe maji ya masika yatapita wapi kabla ya kutuonyesha gari la fahari litasimama wapi.

Tena auonyeshe mchoro huo kwa watu. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka iwakutanishe wenye ardhi na wadau wengine inapoandaa mpango wa mji. Kwa hiyo hatuombi fadhila, twataja haki iliyokwisha kuandikwa. Lakini mkutano unaoitishwa asubuhi ya siku ya kazi, ambako ramani husomwa kwa istilahi asizozielewa mvuvi wa Sahare wala mama muuza samaki wa Deep Sea, na ambako anayeuliza hutazamwa kama mpinga maendeleo, ni mkutano ambao Waziri Majivuno angeufungua kwa furaha. Ramani na ziletwe mitaani jioni, zielezwe kwa Kiswahili, maswali yaandikwe na majibu yaandikwe, na aliyepinga atajwe kuwa alipinga na kwa hoja gani.

Serikali ya nchi hii iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na miaka zaidi ya 40 ilipita kabla ya ofisi zake kuhama kwa wingi. Ramani huchorwa kwa mwezi mmoja, mji huchukua umri wa mtu. Muda huo mrefu ndio fursa ya Tanga. Fedha za bandari na za bomba zitakapokuja kutaka majengo, madiwani wetu waulize katika kila mpango ni wapi mtu asiye na senti atakaa kivulini, na ni wapi mtu mwenye hoja atasimama akasikilizwa. Na mpango usiokuwa na jibu la maswali hayo mawili urudishwe kwa aliyeuleta, hata ukiwa na maghorofa 30.