RANGI IWE SHAHIDI WA MFANYAKAZI

Miongoni mwa adui za mfanyakazi, aliye mbaya kupita wote ni yule asiyeonekana. Gurudumu huonekana, moto huonekana. Gesi haina umbo wala kivuli. Katika viwanda vya barafu, vya kugandisha samaki na vya mbolea, amonia hutumika sana. Wako wasemao kwamba kwa kuwa harufu yake ni kali, pua yatosha kuwa mlinzi. Sivyo. Pua ikikaa katika amonia kwa muda huizoea, na mlinzi aliyekwisha zoeana na mwizi si mlinzi tena.

Vyombo vya umeme vya kupimia gesi vipo, navyo ni vizuri. Lakini vina gharama, na aghalabu hukaa mkononi mwa msimamizi peke yake. Leo kemia imetupa shahidi mwingine: utando mwembamba wa polima iitwayo polianilini. Utando huo ukitiwa asidi huwa wa kijani. Amonia ikiugusa huiondolea polima ile nguvu ya asidi, na kijani hugeuka buluu. Hauhitaji betri, waweza kubandikwa ukutani au kuvaliwa kifuani kama beji. Polianilini ni katika jamii ya polima zipitishazo umeme, ambazo uvumbuzi wake uliwapatia Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000.

Faida yake kubwa ni kwamba habari ya hatari haifungiwi ofisini. Mwenye macho haambiwi tazama.

Walakini tusidanganyike. Unyevu wa hewa huweza kuupotosha utando, na mvuke wa asidi huweza kuurudisha kijani. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri kwamba amonia isizidi kwa wastani sehemu 25 katika sehemu milioni za hewa kwa siku ya kazi. Basi utando usiopimwa kwa kipimo kama hicho ni pambo tu. Na zaidi ya yote, rangi haizibi bomba lililopasuka. Mwajiri agawaye beji akaacha kutengeneza mabomba, amewapa watu wake habari ya maafa, hakuwapa kinga.

Kwa hiyo twasema: utando huu ukiletwa kazini, maana ya kila rangi iandikwe kwa lugha ijulikanayo na wote, na wasiopambanua rangi vema wawe na king'ora. Tena, rangi ikigeuka, mtu atoke kwanza, maswali yafuate. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, wataka alindwe mfanyakazi anayeondoka kazini kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba hatari kubwa i karibu na maisha yake.

Ndugu wafanyakazi, liulizeni jambo hili katika mikutano ya matawi yenu: rangi ikigeuka leo, ni nani atakayezima mitambo, nasi tutatokea mlango upi? Jibu lipatikane kabla ya gesi.