Kosa Lisilopiga Kelele katika Programu za Kusoma Picha za Wagonjwa

Slaidi ya makohozi iliyotiwa rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen haimbabaishi mtaalamu wa maabara aliyekaa miaka kadhaa kwenye hadubini. Bakteria wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vyembamba vyekundu juu ya uwanja wa buluu. Endapo siku moja angeona vijiti vya buluu juu ya uwanja mwekundu, asingeandika matokeo. Angeinua kichwa na kuuliza ni nani aliyetia rangi asubuhi hiyo. Kompyuta haiinui kichwa. Picha ileile ikiingizwa kwenye programu huku rangi zake mbili zimebadilishana nafasi, programu itahesabu kile ilichoelekezwa kuhesabu, itatoa namba, na namba hiyo itaingia kwenye fomu ya majibu ya mgonjwa ambaye huenda akaanza, au akakosa, matibabu ya miezi sita.

Kubadilishana huko kwa rangi si jambo la kufikirika. Ni miongoni mwa hitilafu zinazowakuta mara nyingi zaidi wanafunzi na wataalamu wanaotumia OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha iliyoanzishwa mwaka 1999 ndani ya kampuni ya Intel kwa juhudi za Gary Bradski, na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Neno maktaba hapa lina maana ya mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa: kimoja husoma faili la picha, kingine hupunguza ukubwa wake, kingine hutenganisha rangi, kingine hutafuta kingo za maumbo. Mtumiaji huviunganisha apate programu yake. Haitozwi malipo, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na mafunzo yake yamejaa kwenye intaneti. Ndiyo maana kijana anayetaka kuhesabu vimelea vya malaria kwenye picha ya hadubini, au kupima kivuli kwenye eksirei ya kifua, huanzia hapo. Kuanzia hapo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kutafuta hitilafu za programu ya namna hiyo ni kazi ya mwandaaji programu peke yake, na kwamba mtaalamu wa afya ataitwa siku ya uzinduzi.

Mwanzoni, hitilafu inayowasumbua wengi ni ile inayopiga kelele. Programu husimama ghafla, na kioo cha kompyuta hujaa maneno ya Kiingereza yanayoanza na namba -215, yakidai kwamba picha iliyopokelewa ni tupu. Wanagenzi hupoteza saa nyingi wakiuchunguza mstari uliotajwa kwenye ujumbe huo, ilhali kosa limetokea mistari kadhaa juu yake. Amri iitwayo imread, inayosoma faili la picha, haipigi kelele inapolikosa faili. Hurudisha thamani tupu na kuiacha programu iendelee hadi ijikwae kwingine. Sababu zenyewe ni za kawaida: herufi moja ya jina la faili imekosewa, anwani ya folda inahesabiwa kutoka mahali programu ilipoanzishwa na si mahali ilipohifadhiwa, au faili ni la DICOM, muundo wa picha za mashine za hospitali, ambao OpenCV ya kawaida haiusomi na unahitaji maktaba nyingine. Kwenye kompyuta za Windows, hata herufi zenye alama za lugha nyingine katika jina la faili zinaweza kutosha kuizuia amri hiyo. Kiswahili kimesalimika na balaa hilo kwa kukosa herufi za namna hiyo, ingawa jina la mgonjwa halikupaswa kuwamo katika jina la faili tangu mwanzo.

Tiba yake ni rahisi: mara tu baada ya kusoma faili, programu iulizwe kama imepata kitu, na kama haikupata, isimame hapohapo na kulitaja faili lililokosekana. Hata hivyo wapo wanaochagua njia ya mkato. Wakichoshwa na programu inayosimama, huandika amri ya kuiruka picha isiyosomeka na kuendelea na inayofuata. Katika zoezi la darasani hakuna anayeumia. Katika zahanati, slaidi 40 huingia asubuhi, majibu 38 hutoka jioni, na wagonjwa wawili hawamo katika orodha ya walioonekana na ugonjwa. Mhudumu mwenye haraka ataichukua orodha hiyo na kuwaambia wawili hao kwamba hawakukutwa na kitu. Hawakukutwa kwa sababu hawakutazamwa.

Hapo ndipo hitilafu inayopiga kelele inapogeuzwa kuwa hitilafu ya kimya, na za kimya ndizo zinazostahili kuogopwa.

Ya rangi ndiyo kubwa. OpenCV huhifadhi kila nukta ya picha kwa mpangilio wa buluu, kijani, nyekundu, desturi iliyorithiwa kutoka kwa kamera na programu za zama ilipozaliwa. Maktaba nyingine nyingi, zikiwamo zinazotumika kuonyesha picha kwenye kioo, huanza na nyekundu na kumaliza na buluu. Picha ikipita kutoka moja kwenda nyingine bila kugeuzwa, nyekundu na buluu hubadilishana. Picha ya mtu hugeuka kichekesho: uso wa buluu, midomo ya buluu, na kila mtu chumbani hucheka na kuelewa. Picha ya damu haichekeshi kwa wepisi huo. Katika slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa aliyetangaza njia yake mwaka 1904, kiini cha kimelea cha malaria huwa chekundu na utegili wake huwa wa buluu. Zikibadilishana, kijana wa kompyuta ataona bado kuna nukta mbili za rangi mbili mahali palepale. Mtaalamu wa maabara ataona kitu ambacho hakipo duniani.

Ubaya zaidi ni pale programu inapojifunza yenyewe kutokana na maelfu ya picha. Ikiwa ilifundishwa kwa picha zenye mpangilio mmoja wa rangi na sasa inalishwa zenye mpangilio mwingine, haitakataa kazi, wala haitatoa majibu ya kichaa ambayo yangemshtua mtu. Itafanya vibaya kidogo tu, na kidogo hicho kitalaumiwa kwa mengine: slaidi chafu, hadubini kuukuu, rangi hafifu, mhudumu mgeni. Inawezekana timu nzima ikakaa miezi ikitafuta picha zaidi za kuifundishia programu, wakati kilichohitajika ni mstari mmoja wa kugeuza mpangilio wa rangi.

Hesabu nazo zina mtego wake. Kwa kawaida mwanga wa kila nukta huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255, sifuri ikiwa nyeusi kabisa na 255 nyeupe kabisa. Mtu anayetaka kuing'arisha eksirei iliyofifia huongeza, tuseme, 60 kwa kila nukta. Akitumia alama ya kawaida ya kujumlisha katika lugha ya Python, nukta yenye 200 haifiki 260, kwa kuwa nafasi ya namba hiyo haipo. Huzunguka na kurudi mwanzo, ikawa 4. Msomaji wa eksirei atambue maana yake: kivuli cheupe katika pafu, ambacho pengine ni nimonia au kifua kikuu, hugeuka cheusi kama hewa. Amri ya kujumlisha iliyomo ndani ya OpenCV yenyewe, cv2.add, haifanyi hivyo. Huishia 255 na kubaki hapo. Njia hizo mbili huandikwa kwa namna inayokaribiana mno, na hakuna ujumbe wowote wa tahadhari unaotokea.

Ndugu wa hitilafu hiyo huonekana pale eksirei ya kidijitali inapokuja na ngazi 4,096 za mwanga, kama ilivyo kwa mashine nyingi, na kuhifadhiwa katika faili la biti 16. Amri ya imread isipoelekezwa vinginevyo huipunguza picha hiyo iwe ya biti 8 kwa kutupa sehemu ya chini ya kila namba. Ngazi 4,096 hubaki 16, zote zikiwa upande wa giza. Picha hutoka nyeusi, na wengi hudhani faili limeharibika. Wengine huinyoosha mpaka ionekane tena kama kifua cha mtu, wasijue kwamba vivuli hafifu vilikwisha kutupwa na havirudi kwa kung'arisha. Dawa yake ni kuiagiza amri isome picha bila kuibadilisha, kwa chaguo liitwalo IMREAD_UNCHANGED. Na kama dawa nyingine, ina madhara yake: chaguo hilohilo hupuuza maelezo ya mkao yanayoandikwa na kamera ya simu, hivyo picha ya kidonda iliyopigwa simu ikiwa imelazwa inaweza kuingia kwenye programu ikiwa imelala ubavu. Daktari aliyezoea kusoma karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa ataelewa kwa nini maelezo ya kila amri yasomwe hadi mwisho.

Kuhusu umbo, maelezo mafupi yanatosha. OpenCV ikiulizwa ukubwa wa picha hutaja urefu wa kwenda chini kwanza, kisha upana. Lakini amri yake ya kubadilisha ukubwa hutaka upana kwanza. Anayejaribu programu kwa picha za mraba hatagundua kamwe kwamba amezigeuza. Picha za hadubini zikija na upana unaozidi urefu, seli nyekundu za damu zilizo duara hugeuka mayai. Umbo la yai ni mojawapo ya dalili zinazomfanya mpimaji afikirie Plasmodium ovale. Mpimaji huyohuyo, lakini, angetambua mara moja kwamba seli zote kwenye uwanja mzima haziwezi kurefuka kuelekea upande mmoja kwa pamoja.

Utambuzi huo ndio msingi wa hoja. Kila hitilafu iliyotajwa hapa ya kimya inaonekana kwa jicho la mtu anayeijua picha kabla hajaijua kompyuta. Mwandaaji programu anaweza kuwa hodari na bado asione kitu, kwa sababu hajui bakteria ana rangi gani. Wapo watakaojibu kwamba wataalamu wa maabara ni wachache na foleni ni ndefu, na kwamba programu hizi zinaundwa hasa ili kuwapunguzia mzigo. Jibu hilo lina uzito. Hakuna anayependa kumwongezea kazi mtu anayesoma slaidi tangu alfajiri. Lakini maabara haijawahi kuipokea chupa mpya ya rangi kwa kuamini lebo. Huipima kwanza kwa slaidi za udhibiti wa ubora, moja inayojulikana kuwa na vimelea na nyingine inayojulikana kuwa haina, na slaidi hizo zikikataa, chupa hurudi ilikotoka. Programu ya kompyuta haina sababu ya kuheshimiwa kuliko chupa ya rangi. Ipitishwe slaidi zinazojulikana kila siku kabla ya kazi kuanza, na kila mara maktaba zake zinapofanyiwa mabadiliko, kwa kuwa toleo jipya linaweza kuifanya kazi ileile kwa namna tofauti na la jana.

Zaidi ya hayo, programu iagizwe kuhifadhi picha katika kila hatua: ilivyosomwa, ilivyogeuzwa rangi, ilivyopunguzwa ukubwa, na hatimaye ile hasa iliyopimwa. Wenye haraka huhifadhi jibu tu. Picha kumi za hatua hizo zikitazamwa na mpimaji kwa dakika chache, zinaweza kuonyesha kasoro ambayo mwandaaji angeitafuta kwa wiki nzima. Na idadi ya picha zilizoingia iandikwe kando ya idadi ya majibu yaliyotoka, katika daftari lilelile la maabara, kwa kalamu ikibidi.

Mgonjwa naye hayuko nje ya shughuli hii. Akiambiwa majibu yake yametolewa na kompyuta, ana haki ya kuuliza kama kuna mtu aliyeitazama picha yenyewe, na mhudumu asilione swali hilo kuwa ni utovu wa adabu. Siku hizi ni jambo la kawaida mgonjwa au nduguye kuipiga filamu ya eksirei picha kwa simu na kumtumia daktari aliye mji mwingine. Baadhi ya kamera za simu huigeuza picha kama kioo, na mifano mingi ya kufundishia OpenCV hufanya vivyo hivyo kwa makusudi ili mtu anayejitazama aone mkono wake wa kulia upande wa kulia. Kifua kilichogeuzwa hivyo huuonyesha moyo upande wa kulia, na pafu lenye ugonjwa huwa ndilo lile zima. Kinachoweza kuifichua hali hiyo ni herufi ndogo ya risasi ambayo mpiga eksirei huiweka pembeni kuonyesha upande wa mwili, herufi ambayo wapiga picha wa simu huikata wakidhani ni uchafu wa ukingoni. Filamu nzima ipigwe, kingo zote nne zikionekana, na picha isiyo na herufi hiyo irudishwe kwa aliyeituma aipige upya.