Jiwe Haliozi, Lakini Pango Hufa

"Jiwe hilo, litaharibikaje?" Kijana aliyeniuliza hivyo nilimkuta ndani ya pango moja la pwani yetu, msumari mkononi, anamalizia herufi ya mwisho ya jina la mchumba wake. Ukuta mzima ulikuwa umejaa majina ya waliomtangulia, mengine kwa mkaa, mengine kwa rangi ya kupuliza. Mwongoza wageni alisimama hapo hapo, akimmulikia kwa tochi.

Sina ugomvi na kijana. Ugomvi wangu ni na imani iliyompa msumari: kwamba pango ni jiwe, jiwe haliozi, basi kadiri watu wanavyoingia ndivyo tunavyofaidi.

Huku juu mvua hufuta nyayo na nyasi hufunika jeraha. Mle ndani hakuna mvua wala nyasi. Alama ya kiatu kwenye tope hukaa miaka na miaka. Tazama yale mawe yanayoning'inia darini kama chuchu za mbuzi. Yamejengwa na maji yanayodondoka, kila tone likiacha chembe ya chokaa. Haba na haba hujaza kibaba: sentimita moja mara nyingi hudai miaka mia au zaidi. Mgeni hulivunja jiwe hilo kwa sekunde moja akapambe nalo sebule. Hata akilipapasa tu, mafuta ya kiganja chake yanaweza kuzuia chokaa isigande tena pale.

Anayedhani natia chumvi awaulize Wafaransa. Pango la Lascaux, lenye michoro ya wanyama inayokadiriwa kuwa na miaka 17,000, liligunduliwa mwaka 1940 na kufunguliwa kwa watalii 1948. Hakuna aliyekuja na nyundo. Watu walipumua tu. Pumzi zao, joto la miili yao na mwanga wa taa vikaotesha uchafu wa kijani ukutani, na mwaka 1963 pango likafungwa. Leo mtalii huonyeshwa nakala. Kilichostahimili karne 170 kilishindwa na miaka 15 ya viingilio.

Na pango lina wenyewe. Huko Marekani, tangu 2006, ugonjwa wa kuvu wa pua nyeupe umeua mamilioni ya popo. Popo huambukizana wenyewe, lakini viatu na nguo za wapenda mapango navyo vinaweza kubeba kuvu hiyo, ndiyo maana huko huambiwa wasafishe vifaa vyao kabla ya kuhamia pango jingine. Nasi tusijidhani salama: mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki kwa Marburg, ugonjwa wa virusi unaotoka kwa popo, baada ya kuingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Baadaye kikajengwa chumba cha vioo, wageni wakawatazama popo na chatu kwa mbali. Utalii haukufa, ulifundishwa adabu.

Wapo watakaoruka upande wa pili: "Basi tieni kufuli!" Hapana. Kufuli bila mlinzi huvunjwa, na mlango wa bati huwafungia popo nje. Panapohitajika lango, liwe la nondo zilizolazwa, zenye nafasi ya bawa kupita. Amboni, Tanga, inatajwa kuwa na mapango kumi, na wageni hupelekwa moja. Hiyo ndiyo akili: moja libebe mzigo wa wengi, mengine yapumzike, na anayetaka kuyaingia aombe ruhusa na aende na mjuzi.

Wala kuomba ruhusa si jambo geni kwetu. Wazee wanaopeleka ubani kwenye mizimu ya mapangoni hawaingii ovyo. Huvua viatu, hutanguliza hodi, na siku isiyo yake hawaendi. Tuliwacheka kwa ushirikina, kumbe walikuwa na kanuni za hifadhi kabla yetu sisi wenye vitabu vya risiti.

Bandu bandu huisha gogo, na pango nalo huisha. Nataka kuona ubao kwenye lango la kila pango lenye wageni, umeandikwa kwa chaki idadi ya watu wa siku hiyo. Ikitimia, mlinzi aseme bila haya: "Wa leo wametosha. Karibuni kesho." Na yule mwenye tochi, akiona msumari, auzimie taa.