Ukungu wa Nje na Ukungu wa Ndani

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, ukungu huteremka kutoka kingo za kreta ya Ngorongoro na kuvifunika vijiji vya Karatu. Baridi ikizidi, madirisha hufungwa. Ndio msimu huo huo ambapo mahindi huvunwa na kuingizwa ndani, mara nyingi katika chumba kile kile wanamolala watoto, kwa sababu mkulima anawahofia wezi. Kiswahili kimeupa ukungu wa mlimani na ule uotao juu ya punje jina moja. Ule wa nje huondoka jua likitoka. Ule wa ndani hubaki.

Wapo wananchi ambao miili yao haiuvumilii. Wakiingia katika chumba chenye magunia yaliyovunda, au kilichonyunyizwa dawa ya wadudu, kifua hubana, macho huwasha na usingizi huwatoroka. Mganga wa zahanati huita hali hiyo pumu au mzio. Majirani huiita kudeka, na wengine huthubutu kutaja uchawi. Mama anayekataa kulala kando ya magunia huonekana mkaidi mbele ya wakwe zake. Fikra hizo ni potofu na hazina budi kukomeshwa. Mgonjwa huyo hajidekezi. Kifua chake kinatangulia kutoa habari za hewa ambayo nyumba nzima inaivuta.

Kosa jingine limo katika neno lenyewe. Unga wa kuhifadhia mahindi huitwa dawa; sumu ya panya huitwa dawa; maji ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe nayo ni dawa. Kitu kikishaitwa dawa, hupewa nafasi chini ya kitanda. Hatari kubwa kuliko zote ni vidonge vya kufukizia nafaka. Vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo huweza kuua watu waliolala chumba hicho kabla hakujapambazuka.

Wala kuvu halidhuru kifua peke yake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka, na 20 kati yao wakafariki. Manyara ni jirani wa Karatu. Aidha, wafugaji wa Ngorongoro, ambao hawaruhusiwi kulima ndani ya Hifadhi, hula mahindi ya kununua. Gunia lililohifadhiwa vibaya Karatu laweza kufunguliwa katika boma lililo mbali, na mama asiyejua lilikotoka.

Kinga yake haihitaji fedha za kigeni. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, kisha atikise; chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu bila sumu yoyote. Magunia yakae juu ya chaga, katika ghala lililotengwa na vyumba vya kulala. Jua likichomoza, madirisha yafunguliwe na mablanketi yaanikwe.

Lakini haitoshi kumhimiza mkulima peke yake. Bwana shamba hana budi kufika kijijini kabla ya mavuno, si baada ya msiba. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iwafuate wachuuzi wanaopima sumu kwa kijiko na kuifunga katika karatasi isiyo na maandishi. Nazo serikali za vijiji ziweke ghala lenye kufuli na mlinzi, kwani mkulima hatayatoa mahindi yake chumbani mpaka ahakikishiwe kuwa atayakuta asubuhi.

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wananchi kando ya redio, wakajifunza, wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Hawakungoja wataalamu waje kuwachimbia. Nguvu ile ile yatakiwa leo kuyaondoa magunia na sumu vyumbani. Nyumba ambayo mwenye pumu anaweza kulala humo hadi asubuhi ni nyumba salama kwa kila mtu.